Filamu za Vita na Vijana Wetu wa Mambasa: Mzee Yuko Wapi?

 

Leo nataka tuzungumzie lawama inayosikika sokoni, kanisani, msikitini na kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Kijana akimpiga mwenzake kwa fimbo, watu wanasema: ni zile filamu. Wavulana wakijipa majina ya makomando na kupanga makundi kartie kwa kartie, wanasema: ni televisheni. Wengine wanawajibu kwamba filamu ni mchezo tu, na kwamba walioua watu katika Ituri yetu hawakufundishwa na televisheni. Kila upande una sehemu yake ya ukweli, lakini tukiishia hapo hatujamsaidia mtoto yeyote. Mimi nina jambo moja la kusema, na nitalitetea mpaka mwisho wa kipindi: filamu ya vita inamharibu zaidi kijana inapomkuta peke yake, bila mtu mzima wa kumwambia maana ya alichokiona.

Tuanze na namna picha hizo zinavyotufikia. Nyumba nyingi za teritwari yetu ya Mambasa hazina televisheni. Kijana huifuata nje. Huifuata kwenye chumba cha video chenye mabenchi, pazia mlangoni na jenereta nyuma ya ukuta. Huifuata kwa jirani mwenye sola na dishi. Siku hizi anaibeba mfukoni, katika simu yenye kadi ya memori iliyojazwa filamu. Filamu zenyewe zinatoka Marekani, Hong Kong, India na Nigeria, na nyingi zinasimuliwa na mtu mmoja anayefunika sauti za waigizaji kwa lugha ya watu wa kwetu. Uganda wasimulizi hao wanaitwa VJ. Kenya, DJ Afro amejulikana kwa kazi hiyo miaka mingi. Tanzania wanamkumbuka Lufufu.

Msimulizi huyo ana uwezo mkubwa kuliko tunavyodhani. Mtu akipigwa risasi kwenye kioo cha televisheni, yeye anaweza kusema kwa huzuni kwamba ameacha watoto, au anaweza kulifanya tukio hilo kichekesho na chumba kizima kikapiga makofi. Mara nyingi ndiye mtu mzima pekee anayezungumza na watoto wetu humo ndani, naye hawaoni, hawajui, na hatawakuta kesho njiani.

Sasa tuulize: je, ni kweli mtoto hujifunza ukali kwa kutazama? Mwaka 1965 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Watoto 66 wa chekechea, wavulana kwa wasichana, walioneshwa filamu fupi ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa plastiki. Anamkalia, anamponda kwa nyundo ya mti, anamtupia mipira, huku akisema maneno yake. Filamu ilikuwa na miisho mitatu. Kundi la kwanza la watoto liliona mtu huyo akisifiwa na kupewa soda na peremende. Kundi la pili lilimwona akikemewa na kuchapwa. Kundi la tatu halikuona lolote likimpata.

Baadaye watoto waliachwa wacheze na mwanasesere kama huyo. Waliomwona mtu yule akiadhibiwa walimwiga kidogo zaidi. Na wale walioona hakuna lililompata? Walimwiga karibu sawa na wale waliomwona akipewa zawadi. Lishikeni hilo, wazazi. Kwa mtoto, kuua bila kulipa ni karibu sawa na kuua na kusifiwa. Na filamu nyingi za makomando ziko hivyo: shujaa anaangusha watu hamsini, anafuta jasho, anaondoka zake, na hakuna anayekuja kudai damu.

Lakini jaribio halikuishia hapo. Watafiti waliwaambia watoto wote kwamba atakayewaonesha alichokiona atapata juisi na picha za kubandika. Hapo tofauti kati ya makundi ikafutika. Hata wale walioona adhabu, waliokuwa wametulia, walionesha mapigo yale yale kama wenzao. Kumbe walikuwa wamejifunza. Walikuwa wameyaweka moyoni wakingoja mtu wa kuwaahidi kitu.

Nikiifikiria Mambasa, sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoniogopesha. Kwa sababu kwetu, mtu wa kuahidi juisi yupo. Yuko msituni, anaahidi bunduki, sare, chakula na cheo. Yuko kwenye machimbo ya dhahabu, anatafuta vijana wa kulinda shimo lake. Yuko mjini wakati wa siasa, anagawa pombe na pesa kwa vijana wakavuruge mkutano wa mwenziwe. Kijana ambaye kwa miaka ameona kwamba mwenye silaha ndiye anayeheshimiwa, na kwamba hakuna wa kumwuliza, amekwisha kuandaliwa nusu ya njia. Anayekuja na ahadi anamalizia nusu iliyobaki.

Na hayo hatuyasikii kwa mbali. Kati ya mwisho wa mwaka 2002 na mwanzo wa 2003, teritwari hii ilipitiwa na ile operesheni ya makundi ya waasi ya MLC na RCD-National iliyoitwa Effacer le tableau, yaani kufuta ubao, na wenyeji, pamoja na ndugu zetu Bambuti, waliuawa na kuteswa. Mwezi Juni 2012 kundi la Mai-Mai Morgan lilishambulia kituo cha okapi cha Epulu, katika teritwari hii hii, likaua watu na okapi. Miaka hii waasi wa ADF wamechinja watu na kuchoma nyumba katika vijiji vyetu, na tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa katika état de siège, yaani chini ya utawala wa kijeshi. Watoto wa Mambasa hawakuhitaji kioo ili waijue damu. Basi anayesema televisheni ndiyo iliyoleta ukatili Ituri anasema isivyo. Ila anayesema kwamba, kwa kuwa vita vipo, filamu haziongezi kitu, naye anakosea. Mtoto aliyeona mauaji ya kweli ana maumivu na maswali. Filamu inamjibu maswali yale haraka, kwa muziki na makofi: mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Sisi wa Ituri tumekwisha kuona malipo ya jibu hilo. Katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, majaji walitazama video iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, hapa karibu na Bunia. Inamwonesha akiwahutubia askari wapya, na kati yao wamo watoto ambao kwa macho tu unajua hawajafika miaka 15. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaingiza watoto jeshini na kuwatumia vitani, na mwezi Julai mwaka huohuo akahukumiwa miaka 14. Wale kadogo, askari watoto wa wakati ule, leo ni watu wazima. Wapo tunaoishi nao. Waulizeni kwa upole kama vita walivyovikuta vilifanana na vile vya kwenye kioo. Waulizeni kuhusu njaa, kuhara, viboko, na marafiki walioachwa bila kaburi. Filamu ya makomando haina kuhara, wala haina mama anayetafuta mwili wa mwanawe kwa siku tatu.

Tuone sasa nchi nyingine, kwa sababu utafiti haukubaliani na wenye haraka. Kule Kanada kulikuwa na mji mdogo, watafiti wakauita Notel kuficha jina lake. Haukuwa na televisheni mpaka mwaka 1973. Mtafiti Tannis MacBeth Williams na wenzake waliwachunguza watoto kabla ya televisheni kufika na tena baada ya miaka miwili. Walikuta watoto wanapigana na kutukanana zaidi kuliko mwanzo. Lakini kisiwa cha Saint Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, kilipata televisheni mwaka 1995, na watafiti waliokuwa na Tony Charlton waliwatazama watoto wakicheza shuleni, kabla na baada. Kule tabia haikuharibika. Kwa nini? Watafiti wenyewe walitaja maisha ya kisiwa: jamii ndogo, watu wanajuana, na mtoto akikosea njiani mtu mzima yeyote anamwonya kama wake. Televisheni iliingia ikakuta wazazi wapo.

Kwa hiyo kioo kile kile kinaweza kuvuruga mtoto mahali pamoja na kumwacha salama mahali pengine. Kazi yetu ni kujua Mambasa inafanana na mahali gani. Zamani tungeweza kujibu bila kusita. Wababila na Bambuti wa msitu huu walikuwa na nkumbi. Wavulana walichukuliwa kambini kwa miezi, watoto wa kijijini pamoja na watoto wa msituni, wakatahiriwa pamoja, wakafundishwa nyimbo, uvumilivu na mambo ya wanaume. Waliotahiriwa pamoja wakawa kare, ndugu wa maisha. Sisemi nkumbi ilikuwa laini. Ilikuwa na maumivu na viboko, na sitaki tuirudishe yote kama ilivyokuwa. Nasema kwamba kila maumivu yalikuwa na mzee aliyesimama pale, aliyejua yanaanzia wapi na yanakomea wapi, na aliyemrudisha kijana nyumbani akiwa na ndugu mpya. Leo wengi wanatahiriwa hospitalini, na shule ya kuwa mwanaume imehamia kwenye chumba cha video. Kambi ipo, wavulana wapo, mafunzo ya ukali yapo. Wazee hawapo.

Hata hadithi zetu za kale hazikuwa na woga wa damu. Wanyanga wa upande wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, wana hadithi kuu ya Mwindo, ambayo mtambaji Candi Rureke aliisimulia na Daniel Biebuyck akaiandika mwaka 1956. Mwindo anapigana na baba yake mwenyewe, anashinda, anajisifu, na baadaye anaua dude la msituni. Kama ingekuwa filamu ya makomando, ingeishia hapo. Lakini Nkuba, radi, aliyekuwa na urafiki na dude lile, anamchukua Mwindo juu mbinguni, anamtia katika baridi na jua kali, anamfundisha kwamba viumbe haviuawi ovyo. Anaporudi duniani ni mtawala mtulivu, na anawawekea watu wake sheria za kuishi kwa amani. Mtoto aliyesikia hadithi hiyo kando ya moto alisikia vita vingi. Ila alisikia pia hesabu ya vita, kutoka mdomoni mwa mtu anayemjua.

Kuna wanaosema dawa ni kufunga vyumba vyote vya video. Nchi yetu imekwisha kujaribu njia ya kukataza. Wakoloni Wabelgiji walikuwa na kamati ya kuchuja filamu za watu weusi, wakizuia nyingi kwa hofu. Hata hivyo, miaka ya 1950 mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, walitokea vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliiga filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Walivaa kama wao, wakajifunga vitambaa shingoni, wakatengeneza lugha yao iliyoitwa Hindubill, wakagawana mitaa na kupigana kwa ajili ya mitaa hiyo, na wasichana wengi waliteswa mikononi mwao. Mwanahistoria Didier Gondola, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 2016, anatuonesha kwamba vijana hao walikuwa wananyimwa na ukoloni kila njia ya kuheshimiwa kama wanaume. Filamu haikuwapa njaa hiyo. Iliwapa namna ya kuishibisha. Na aliyeweza kuwasogelea alikuwa padre Joseph de Laet, waliyemwita Père Buffalo, kwa sababu aliwaendea walipokuwa, akajua lugha yao, akawapa nafasi ya kuwa watu.

Basi nanyi angalieni njaa ya kijana wa Mambasa. Amekimbia vita mara moja au mbili, ameacha darasa kwa kukosa ada, anabeba magunia ya kakao au anachimba dhahabu ambayo haitamfaa, na hakuna anayemwita kwenye kikao cha wazee. Jioni anakwenda kutazama mtu mmoja ambaye kila mtu anamwogopa. Mnashangaa kwamba anamtamani? Na dada yake aliyeketi benchi la nyuma anajifunza pia. Anaona mwanamke akipigwa kofi, na dakika tano baadaye mwanamke huyo anampenda aliyempiga. Katika jimbo ambalo wanawake wamebakwa kama sehemu ya vita, somo hilo si dogo.

Nije sasa kwenye la kufanya. Kwanza, zile video za mauaji ya kweli zinazotumwa kwa WhatsApp, miili ya ndugu zetu waliokatwa. Kwa hizo sina maneno ya katikati. Usizitume. Ukitumiwa, zifute, na umwambie aliyekutumia kwamba aliyelala pale ana mama. Hizo hazimfundishi mtoto tahadhari. Zinamzoesha, na zinamfanyia mwuaji kazi yake ya kutisha watu.

Pili, wenye vyumba vya video. Najua ni kazi yenu na mnalisha watoto wenu kwayo. Sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18. Mtoto asiingie saa za shule, asiingie usiku, na filamu ya damu itazamwe kwanza na wewe mwenye chumba kabla ya kuiweka mbele ya mtoto wa mwenzako. Na wakuu wa kartie wakae na wenye vyumba hivyo wapatane, kuliko kungoja siku ya kugombana.

Tatu, wazazi, na hasa akina baba. Ketini na watoto wenu mara moja moja, mtazame wanachokitazama. Filamu ikiisha, uliza: yule aliyeuawa, nani atamzika? Watoto wake watakula nini? Shujaa angeweza kufanya nini kabla ya kutoa bunduki? Maswali hayo matatu yanarudisha malipo ambayo filamu imeyaficha. Msiseme hamna muda, kwa maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu siku hizi uko katika simu ya kijana wako.

Lakini mazungumzo yenyewe yanahitaji uangalifu. Mwaka 2010 mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha utafiti alioufanya huku mashariki mwa Kongo kuhusu mchezo wa redio wa kupunguza uhasama. Baadhi ya wasikilizaji waliongezewa kipindi kilichowahimiza wajadiliane. Walijadiliana zaidi, ndiyo, lakini wakatoka na chuki zaidi kwa watu wasiowapenda, na moyo wao wa kuwasaidia ukapungua. Mazungumzo yasiyo na mwongozo yanaweza kugeuka mahali pa kuhesabiana makosa. Ndiyo maana ninasema mzee, mwalimu, mchungaji, imamu, mama mwenye busara: mtu wa kushika usukani, anayejua kumnyamazisha mchochezi na kumpa nafasi mnyonge.

Nasi wa redio tusijitoe. Mwaka 1994 jirani zetu wa Rwanda walisikia redio RTLM ikiwaita watu kuua, na tunajua kilichofuata. Neno tu, bila picha, liliweza. Basi kila mtangazaji wa Ituri anayesoma habari ya shambulio ajiulize kama anawapa watu taarifa ya kuwalinda au anawapa jina la kabila la kuchukia.

Na ninyi vijana, mlionisikiliza mpaka hapa, sijaja kuwanyang'anya filamu zenu. Nawaomba jambo moja. Siku mtu atakapokuja kuwaahidi kitu ili mfanye mlichokiona kwenye kioo, kumbukeni kwamba yeye hatakuwapo wakati wa kulipa. Mtalipa ninyi na mama zenu.

Wazee wa Mambasa, akina baba na akina mama, wiki hii nendeni mkaketi kwenye benchi moja na watoto wenu, mtazame pamoja nao, kisha mseme nao. Msiwaachie tena wageni kazi ya kuwalea.